Ufundi wa Mwalimu wa Chekechea

Katika mkutano wowote wa walimu, mwalimu wa chekechea hukaa mwisho wa benchi. Wa sekondari huulizwa anafundisha somo gani. Wa chuo huulizwa anasomea shahada ipi tena. Yeye huulizwa kama hachoshwi na makelele. Watu wengi, wakiwamo wazazi wanaomkabidhi watoto wao kila asubuhi, wanaamini kazi yake ni kuwashika watoto mpaka mama atoke sokoni: awaimbishe, awafute kamasi, awapange mstari wa kwenda chooni, basi. Nimeandika insha hii kumsifu, na sifa zenyewe si za kumfariji. Nadai kwamba somo lake ni gumu kuliko hesabu za kidato cha nne, kwa sababu mwanafunzi wake hufanyiwa mtihani siku ileile, na anayemtahini ni mtu wa miaka mitano mwenye hasira. Somo hilo ni urafiki na wema.

Wakubwa wanalijua kwenye makaratasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa Tanzania, na sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulipotaja umahiri anaotakiwa mtoto kuujenga, uliuweka wa kuhusiana na wenzake pamoja na ule wa kuwasiliana, kutunza afya na kutunza mazingira. Katika kitabu huo ni mstari mmoja. Darasani ni kazi ya asubuhi nzima, na mzazi anayeiulizia ni nadra. Akifika getini, swali lake ni kama mwanawe ameshajua kuandika jina.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Wahenga walituambia udongo uwahi ungali maji, na walimu tumeipenda methali hiyo kwa sababu inatufanya wafinyanzi. Lakini udongo hauna nia yake, na mtoto anayo. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha matokeo ya majaribio yao na watoto wa miezi 18. Mtu mzima asiyewajua aliangusha kibanio cha nguo alipokuwa akianika, akajifanya hakifikii. Au alibeba magazeti mikono yote miwili, akawa anagonga mlango wa kabati asiweze kuufungua. Wengi wa watoto hao walimsaidia angalau mara moja, bila kuombwa na bila kupongezwa. Alipokitupa kitu chini kwa makusudi, hawakuhangaika nacho hivyo. Walitambua kwamba huyo hana shida. Mama wa Kiswahili hakuhitaji maabara kulijua hilo. Mwanawe ambaye bado anatambaa ameshamtia mdomoni tonge la ugali alilolitafuna nusu.

Kwa hiyo mtoto haji chekechea akiwa mtupu. Anakuja na wema, ila ni wema wa nyumbani, wa mama na bibi na kaka. Mwalimu anampeleka hatua moja mbele. Chekechea ndipo mtoto anapokutana kwa mara ya kwanza na mtu wa rika lake ambaye hakuambiwa kuwa ni ndugu yake, anayekitaka kitu kilekile anachokitaka yeye, na ambaye kesho atakuwapo tena. Wema wa nyumbani haujawahi kukutana na jambo la namna hiyo.

Mwalimu asiyejua kazi hukimbilia maneno. Huwakalisha watoto mkekani, akawaambia tupendane, wakaitikia kwa sauti moja kwamba wanapendana, na kabla mkeka haujakunjwa mmoja ameshamng'ata mwenzake. Mwalimu fundi husema kidogo na kupanga kingi. Wema hauhubiriwi kwa mtoto wa miaka mitano. Huandaliwa mahali pa kutokea.

Utazame uji. Katika shule zinazokunywa uji saa nne, mwalimu wa kawaida hugawa mwenyewe, maana hamwagi na anawahi kumaliza. Mwalimu fundi huweka zamu. Leo watoto wawili watagawa vikombe, kesho wengine wawili, na sharti ni moja: anayegawa hunywa mwisho. Hakuna hotuba. Lakini mtoto yule aliyeshika vikombe anajifunza kumtazama kila mwenzake usoni, kujua nani hajapata, kuona kwamba kikombe hiki kimejaa na kile kimepungua, na kungoja. Siku ya pili yeye ndiye anayengoja kuletewa, na anajua kazi anayoifanya mwenzake. Sehemu kubwa ya adabu ya mezani na ya ujirani imo katika zamu hiyo, na imefundishwa kwa mikono.

Maria Montessori aliliona jambo hilo mapema. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa mwaka 1907 katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Rome. Katika madarasa ya mtindo wake, kila kifaa huwekwa kimoja tu. Anayekitaka wakati mwenzake anakitumia hana budi kusubiri mpaka kirudishwe rafuni. Tanzania ina walimu waliofundishwa njia hiyo, wakiwamo waliopita Msimbazi jijini Dar es Salaam na Lushoto. Tusije tukadanganyana, hata hivyo, kwamba uhaba wote ni somo. Kifaa kimoja kilichopangwa mbele ya watoto wachache hufundisha subira. Mpira mmoja mbele ya watoto themanini hufundisha kupiga viwiko.

Halafu kuna ugomvi, na hapa ndipo ufundi unapoonekana wazi. Watoto wawili wameshika gari moja la waya, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kelele inapanda: "Mwalimu, huyu ananichokoza!" Sote tunajua jibu tulilolelewa nalo. Nani kaanza? Wewe, mwombe mwenzako msamaha. Shikaneni mikono. Mtoto anasema samahani huku akitazama ukutani, mikono wanashikana kwa ncha za vidole, na mwalimu anarudi mezani akiamini amepatanisha. Alichofundisha ni kwamba lipo neno la kumwondoa mwalimu.

Mwalimu fundi hufika akapiga magoti, uso wake ukawa sawa na nyuso zao. Hulishika gari lile, halifichi wala halimpi yeyote, likabaki mahali wanapoliona. Humgeukia kwanza aliyeumia, akampa pole, kabla hajauliza chochote. Kisha husema alichokiona, bila hukumu: naona gari moja, naona watoto wawili, naona huyu analia. Hapo hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda walimu wengi, kwa sababu darasa linaendelea kuchemka nyuma yake na mkono unamwasha kumaliza kesi. Lakini katika ukimya ule mtoto mmoja husema, "Nikizunguka mwembe mara mbili nitampa." Mwenzake hudai iwe mara moja. Wanabishana bei kama watu wazima, wanafika mahali, na mkataba unakuwa wao. Siku nyingine hawafiki popote, na mwalimu hulazimika kuamua. Naye huamua, maana watoto wakiachwa bila mwamuzi, mwenye nguvu ndiye atakayeamua.

Kama mmoja ameumizwa, au nyumba ya vizibo vya soda aliyoijenga imepigwa teke, msamaha huja kwa kazi. Aliyebomoa husaidia kujenga. Aliyemsukuma mwenzake humletea maji ya kuoshea goti. Neno samahani linaweza kufuata baadaye, nalo likija linakuwa na uzito. Mtoto ameonyeshwa kwamba kosa si mwisho wa urafiki, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, anaweza kulitengeneza alilolivunja. Wapo wazee wenye mvi ambao hawajawahi kufundishwa hilo.

Ugomvi wa wazi una nafuu, unasikika. Kibaya zaidi ni kile kinachofanyika kwa sauti ya chini: "Wewe hatukuchezeshi." Mtoto anayeambiwa hivyo halii kila mara. Husogea ukutani akachezea kifungo cha shati. Mwalimu mwenye macho humwona. Marekani alikuwapo mwalimu wa chekechea aliyelifikiri jambo hili kwa kina, Vivian Paley, aliyefundisha katika shule ya Chuo Kikuu cha Chicago. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1992, anaeleza alivyoweka sheria darasani kwamba hakuna mtoto mwenye ruhusa ya kumwambia mwenzake hawezi kucheza. Hakuiweka ghafla. Aliijadili na watoto wake, akawaendea na wanafunzi wa madarasa ya juu kuwauliza maoni yao. Wengi waliona ni ya haki, lakini walitilia shaka kama itawezekana. Sambamba na mjadala huo aliwatungia watoto hadithi ndefu, ili sheria isije peke yake. Somo ninalolichukua kwake ni kwamba kutengwa kusiachiwe hisani ya watoto wenye marafiki wengi. Darasa ni la wote, na mwalimu ndiye mlinzi wa mlango.

Walimu wetu wana kifaa kingine cha kazi hiyo, nacho ni michezo. Rede ni mchezo mzuri, unafundisha wepesi na shabaha, lakini humtoa nje aliyepigwa na mpira, na mara nyingi anayetoka wa kwanza ni yuleyule wa jana. Ukuti ni kinyume chake. Watoto hushikana mikono wakafanya duara, wakazunguka pamoja, wakaanguka pamoja. Duara halina idadi; akija mmoja zaidi, linapanuka. Mwalimu anayejua kazi yake hutazama darasa lake limeamkaje asubuhi hiyo, ndipo achague. Siku ambayo mtoto mgeni amefika, au siku ambayo kundi fulani limeanza kuwabagua wengine, si siku ya rede.

Jicho hilohilo humwongoza kwa mtoto aliyetoka nyumba inayozungumza Kisukuma au Kimaasai tu. Humketisha karibu na mwenzake anayezijua lugha zote mbili, na mkalimani huyo wa miaka mitano mara nyingi ndiye anayekuwa rafiki wa kwanza. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye jua linamuumiza ngozi na macho. Wapo wanaomwonea huruma wakamweka peke yake barazani akawatazama wenzake wakicheza. Mwalimu fundi huuhamishia mchezo wote kivulini. Hamtaji mtoto huyo, hatoi maelezo. Mduara umehama tu, na yeye yumo ndani.

Hadithi nazo zina hila zake. Tunapenda kusema hadithi zetu za jadi zinafundisha wema, lakini tukiwa wakweli, shujaa wetu mkubwa ni Sungura, na Sungura ni mwongo. Huiba, hudanganya, hukimbia, na watoto humshangilia. Fisi huchomwa, hukwama, hupigwa, na watoto hucheka. Mwalimu asiyefikiri huimaliza hadithi kisha akauliza swali ambalo kila aliyepita shule zetu analijua: hadithi hii inatufundisha nini? Watoto nao hujibu wanachojua kinatakiwa: inatufundisha tuwe wema. Wamejibu vizuri, na hawakufikiri chochote.

Mwalimu fundi huikatiza hadithi mahali pake. Fisi amekwama shimoni, usiku unaingia, Sungura ameondoka na nyama yote. Hapo anasimama na kuuliza: Fisi anajisikiaje sasa? Nani anapita njia ile? Ungekuwa wewe, ungemtoa? Darasa linagawanyika. Mmoja anasema amwache, ni mlafi. Mwingine anasema amtoe lakini kwanza aahidi. Wa tatu, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, anauliza kama Fisi ana mama. Swali la mtoto huyo lina thamani kuliko funzo lolote ambalo mwalimu angeliandika ubaoni, kwa sababu amemwona mnyama anayechekwa na wote kuwa ni mtoto wa mtu. Uwezo huo wa kuuvaa moyo wa mwingine ndio mzizi wa wema, nao hukua kwa kuulizwa maswali yasiyo na jibu moja. Vipindi vya televisheni vya watoto, kama "Akili and Me" kinachotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, husaidia kuonyesha urafiki. Lakini televisheni haiwezi kusimama katikati ya sentensi ikamsubiri mtoto.

Mambo mawili huuharibu ufundi huu upesi. La kwanza ni pipi. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008, Warneken na Tomasello waliwapa baadhi ya watoto wa miezi 20 zawadi kila waliposaidia. Baadaye, zawadi zilipokoma, watoto hao walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Mtoto aliyezoeshwa kulipwa kwa wema hujifunza kudai malipo. Neno la mwalimu linatosha, tena liseme kilichotokea: umemsogezea mwenzako kiti, sasa na yeye anaona ubao.

La pili ni kiboko. Wenye kukitetea husema kinaleta nidhamu, na kweli hunyamazisha. Lakini kinafundisha pia kwamba mkubwa akikasirika anaruhusiwa kumpiga mdogo, na funzo hilo halichelewi kufika uwanjani. Ukitaka kujua mwalimu wa darasa fulani ni wa namna gani, usimuulize yeye wala mwalimu mkuu. Watazame watoto wake wakati wa mapumziko wakicheza mchezo wa mwalimu na wanafunzi. Kama anayejifanya mwalimu ametafuta fimbo kwanza, umepata jibu. Kama amepiga magoti, umepata jibu pia.

Kuna wazazi wenye hofu ya kweli, na wanastahili kujibiwa. Wanasema dunia ni kali, mtoto mpole ataonewa. Ndiyo maana huwaambia wana wao, ukipigwa nawe piga. Nasema mwalimu fundi hafundishi unyonge. Miongoni mwa mambo ya kwanza anayomfundisha mtoto ni kusimama, kumtazama mwenzake na kusema kwa sauti, "Sitaki, unaniumiza." Humfundisha yule mwingine kusikia na kuacha. Mtoto anayejua kukataa bila ngumi ana silaha itakayomfaa mpaka uzeeni, na mwenye ngumi tu huishia kukutana na mwenye ngumi kubwa zaidi.

Je, ufundi huu ni kipaji cha wachache? Pwani yetu imeshalijibu swali hilo. Miaka ya 1980 huko Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianzisha mpango wa shule za awali za madrasa. Wazazi Waislamu walitaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari, na hawakutaka wapoteze dini yao. Wanawake wa mitaa hiyohiyo walifunzwa kuwa walimu, wakatumia vitu vinavyopatikana jirani, wakafundisha kwa michezo, nyimbo na hadithi. Mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Wengi wa walimu hao hawakuwa na vyeti vikubwa; walifundishwa, wakatembelewa darasani, wakarekebishwa, wakawa mafundi. Maana yake ni kwamba kazi hii hufundishika, kama useremala. Na kinachofundishika hakina kisingizio cha kufanywa ovyo.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu tuliyorithi kwa kumjenga mtu anayejifikiria mwenyewe, akataka shule zijenge moyo wa kuishi na kufanya kazi pamoja kwa faida ya wote. Miongo imepita, nasi tumefikia kuwapanga watoto wa miaka mitano kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, na kuwavika majoho ya mahafali. Mtoto aliyeambiwa ni wa arobaini katika darasa la chekechea hana sababu ya kumfurahia wa kwanza, na wa kwanza hana sababu ya kumsaidia wa arobaini.

Basi nawaomba watu watatu. Mzazi, jioni usimuulize mwanao amepata ngapi. Muulize leo alicheza na nani, nani alimsaidia, na yeye alimsaidia nani. Akijua utauliza, ataanza kuangalia. Mwalimu mkuu, usilifanye darasa la awali kuwa mahali pa kumtupa mwalimu uliyekosa pa kumweka. Mpeleke huko aliye hodari kuliko wote. Na wewe unayepanga bajeti, kiwango cha Tanzania kinasema mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Zipo shule ambazo mwalimu mmoja anahangaika na mara tatu ya hao, na hapo hakuna atakayepiga magoti mbele ya ugomvi, kwa sababu nyuma yake kuna mwingine na mwingine. Ajiri walimu, wafunze, walipe mshahara wa fundi. Kusoma na kuandika watoto watapata nafasi ya kujifunza tena katika darasa la kwanza na la pili. Somo la kuishi na mwenzao likiwapita chekechea, tutalilipia sote, majumbani, kazini na barabarani.